Mwache afike alikokuwa akienda

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuitikia wito, maana najua Jumamosi Tanga ina mambo yake, na wengine mmetoka Muheza na Pangani alfajiri. Nimeombwa nizungumze juu ya kuunganisha mifumo miwili ya mtandaoni ili mtu aingie mara moja tu. Somo hilo ni pana. Mimi nitashika kipande kimoja, kile ambacho nikipita kwenye tovuti zetu nyingi nakiona kimeachwa yatima: mtu akishaandika nenosiri lake na likakubaliwa, anapelekwa wapi?

Tuchukue chama cha akiba na mikopo, cha kufikirika tu. Kina tovuti ya kawaida, yenye picha za viongozi, matangazo na masharti ya kujiunga. Pembeni kimenunua mfumo mwingine wa wanachama, wenye salio, hisa na fomu za mikopo. Mwanachama mmoja, mama anayeuza samaki pale Deep Sea, anapata meseji: fomu yako imerudishwa, rekebisha hatua ya pili. Chini yake kuna kiungo. Anabonyeza. Mfumo haujamtambua, unamtaka aandike namba ya simu na nenosiri. Anaandika kwa taabu, jua linawaka kwenye kioo cha simu, vidole vina maji. Anakubaliwa. Halafu anajikuta anatazama picha za viongozi. Fomu haipo.

Ni kama abiria aliyepanda daladala aende Raskazone, konda akapokea nauli vizuri, kisha akamshusha stendi ya Kange.

Angalieni linalofuata, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi hawafiki. Yule mama akirudi kwenye meseji na kubonyeza kiungo kilekile mara ya pili, fomu itafunguka, kwa kuwa sasa mfumo unamjua. Lakini nani amwambie? Yeye ameshaamini kwamba kiungo kibovu. Atampigia karani simu, karani atajaza fomu kwa niaba yake, na mfumo ulionunuliwa kwa hela nyingi utaambiwa haufanyi kazi. Nasema kwa uchungu, kwa sababu dawa yake ni mistari michache ya msimbo.

Chanzo cha tatizo kiko kwenye maumbile ya HTTP yenyewe, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, na seva, kompyuta inayozitoa. Kila ombi linalotoka kwenye kivinjari kwenda kwenye seva linasimama peke yake, seva haikumbuki lililotangulia. Kumbukumbu inabidi tuipachike sisi. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli, akiwa kampuni ya Netscape, akabuni kuki, kile kipande kidogo cha maandishi ambacho seva inakipa kivinjari, nacho kinakirudisha kila kinapokwenda. Kuki inakumbuka wewe ni nani. Haikumbuki ulikuwa unakwenda wapi, mpaka fundi aamue ikumbukwe.

Kuna njia mbili za kuikumbuka safari. Ya kwanza ni kuiandika kwenye anwani ya ukurasa wa kuingilia: mtu alitaka fomu, basi apelekwe kwenye /ingia?rudi=/mkopo/fomu, na akishakubaliwa seva isome kile kilichoandikwa kwenye rudi. Mifumo ya kujengea tovuti inakipa majina tofauti: WordPress wanakiita redirect_to, Django wanakiita next, Drupal destination, kila mmoja na jina lake, kazi ni ileile. Ya pili ni kuiweka safari kwenye sesheni, yaani kumbukumbu ya muda ambayo seva inamtunzia kila mgeni, isionekane kwenye anwani kabisa. Laravel wanafanya hivyo. Mimi naipenda hii ya pili mifumo yote ikiwa kwenye seva moja, lakini ina kasoro yake: mtu akifungua kurasa mbili kwa pamoja, safari ya pili inafuta ya kwanza.

Kwenye njia ya kwanza kuna mtego ambao nataka muuone kwa macho yenu. Tuseme kiungo cha yule mama ni /mkopo/fomu?namba=418&hatua=2. Fundi akikipachika kama kilivyo, anwani inakuwa /ingia?rudi=/mkopo/fomu?namba=418&hatua=2. Sasa seva inaisomaje? Ile alama ya & inaigawa anwani. Kwa hiyo rudi inaishia kwenye 418, na hatua=2 inahesabiwa kuwa ni mali ya ukurasa wa kuingilia, wala hakuna anayeijali. Mama anaingia, anafika kwenye fomu sawasawa, lakini hatua ya kwanza, wakati meseji ilimwambia ya pili. Fundi akijaribu kwa kiungo kifupi haoni kitu, mfumo unafanya kazi. Dawa ni kuifunga safari kabla ya kuipachika: & inageuka %26, ? inageuka %3F, na = inageuka %3D. Kila lugha ya programu ina kitendaji cha kazi hiyo, msiandike cha kwenu.

Na kitu kinachofuata alama ya reli, ile #, seva haikioni kabisa, kivinjari hakikitumi. Kama mfumo wenu unafungua vichupo kwa kutumia #, safari hiyo itapotea msipoibeba kwa JavaScript, lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari.

Sasa tuje kwenye namba za majibu, maana seva inapomwelekeza mtu inatumia namba, na namba hizi si za kuchagua kwa bahati. 301 maana yake ni kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Kivinjari kinaruhusiwa kuitunza. Ukimwelekeza mtu kutoka kwenye fomu kwenda kwenye kuingia kwa 301, kivinjari chake kinaweza kukumbuka kwamba fomu siku zote iko kwenye kuingia, na hata akishaingia kinampeleka hukohuko bila kuiuliza seva. 302 ni ya muda, ndiyo inayotumika sana. 303 inasema wazi: nenda kwenye anwani ile, na uende kwa GET, yaani ombi la kutaka ukurasa tu, bila mzigo wa fomu. Baada ya nenosiri kukubaliwa, 303 ndiyo inayofaa.

307 naomba niisemee kwa nguvu. Hii inakiamrisha kivinjari kirudie ombi lilelile, kwa njia ileile, na mzigo wake uleule. Kama ombi lilikuwa fomu ya kuingilia, mzigo wake ni namba ya simu na nenosiri. Ukimwelekeza mtu kwa 307 baada ya kuingia, nenosiri lake linatumwa tena kwenye anwani anayopelekwa. Ikiwa anwani hiyo ni ya mfumo wa mtu mwingine, umempa nenosiri la mwanachama mkononi. RFC 9700, waraka wa viwango vya mtandao uliotoka Januari 2025 kama mwongozo wa usalama wa OAuth (utaratibu wa mfumo mmoja kupewa ruhusa na mwingine bila kupewa nenosiri), unaikataza 307 pale ombi linapoweza kuwa limebeba nenosiri.

Wale wa lugha ya programu ya PHP, na hapa najua ni wengi: header('Location: ...') haisimamishi programu. Inaandika tu kichwa cha jibu, kisha mistari iliyo chini inaendelea kutekelezwa. Kama chini yake kuna salio la mwanachama, salio hilo linatumwa pamoja na jibu, hata kama kivinjari kinaruka bila kulionyesha. Mtu mwenye curl, programu inayoonyesha jibu zima la seva, atalisoma. Weka exit mstari unaofuata, kila mara.

Haya, tunaunganisha mifumo miwili. Tovuti iko kwenye domeni kuu, yaani jina kuu la chama mtandaoni, mfumo wa wanachama uko kwenye domeni ndogo inayoanza na wanachama. Kuki iliyotolewa bila kutajiwa domeni inarudi kwa mwenyeji aliyeitoa tu, na mwenyeji hapa ni jina kamili la tovuti kwenye anwani. Kwa hiyo mtu akiingia kupitia tovuti kuu, mfumo wa wanachama haumjui, unamrudisha kuingia. Ukurasa wa kuingilia unasema, huyu mbona ameshaingia, unampeleka kwenye mfumo wa wanachama. Mfumo huo unamrudisha. Mpira unapigwa huku na huku mpaka kivinjari kinachoka. Chrome na Firefox huacha baada ya maelekezo 20 hivi na kuandika kwamba ukurasa unaelekeza kupita kiasi. Bando la mtu linaliwa bure.

Duru hii inatokea hata kwenye domeni moja, kwa sababu ndogo kuliko mnavyodhani. Mtu ameingia kwenye anwani yenye www, safari imeandikwa bila www. Kwa kivinjari hao ni wenyeji wawili. Au ameingia kwa https, kuki ina sifa ya Secure (inatumwa kwa https tu), halafu anarudishwa kwenye http. Kabla hujalaumu programu, fungua sehemu ya Network kwenye kivinjari, soma kila Location herufi kwa herufi. Mara nyingi kosa linakutazama pale.

Ukitaka kuki ivuke kwenda kwenye domeni ndogo, itajie Domain ya chama. Usijaribu kuitajia co.tz yenyewe. Vivinjari vina orodha ya viambishi vya umma, na co.tz imo, kwa hiyo kuki ya namna hiyo inakataliwa. Na inastahili kukataliwa, la sivyo kila kampuni yenye jina linaloishia hivyo ingewekewa kuki na jirani. Kumbukeni pia kwamba kila domeni ndogo ya chama sasa itaipokea kuki hiyo, hata ile ya majaribio iliyosahaulika tangu mwaka juzi.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba utulivu. Mpaka sasa nimesema mrudishe mtu alikokuwa anakwenda. Lakini nani ameiandika ile safari? Iko kwenye anwani, na anwani anaweza kuiandika yeyote. Hapa kwetu hakuna asiyeijua meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Watu wale wanajua kuandika viungo pia. Tapeli anachukua anwani halisi ya chama, yenye kufuli na jina sahihi, na kwenye rudi anaweka tovuti yake. Mama anatazama jina, ni la chama. Anaingia, nenosiri linakubaliwa kwa kweli. Kisha mfumo wenu wenyewe unamshika mkono na kumpeleka kwenye ukurasa wa tapeli uliopambwa kwa rangi zenu, umeandikwa "nenosiri si sahihi, jaribu tena". Anaandika tena. Kwisha. OWASP, shirika la usalama wa programu za mtandaoni, waliliweka kosa hili kwenye orodha yao ya makosa kumi makubwa ya mwaka 2010 na ya 2013, na bado lipo.

Wengi wanalizuia kwa kuangalia kama safari inaanza na jina la chama. Haitoshi. Jina la chama likifuatiwa na nukta na jina la tapeli, domeni ni ya tapeli. Likifuatiwa na @ na jina la tapeli, kivinjari kinaenda kwa tapeli. Wengine wanasema, basi tukubali kinachoanza na mkwaju tu. Lakini mikwaju miwili, //, ikifuatiwa na jina, ni anwani ya nje. Na mkwaju mmoja ukifuatiwa na mkwaju wa kinyume, \, vivinjari huusoma huo wa kinyume kama wa kawaida, mtu yuko nje tayari.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: anayesema anakwenda wapi ni mtumiaji, anayeruhusu ni seva. Seva iichambue anwani kwa kichambuzi cha kweli, ilinganishe jina zima la mwenyeji na orodha fupi mliyoiandika nyinyi, na isipolingana impeleke kwenye ukurasa wa akaunti yake. Django wana url_has_allowed_host_and_scheme, WordPress wana wp_safe_redirect. Hii ya WordPress, isipoikubali safari, kwa kawaida humpeleka mtu wp-admin, kwa hiyo mpangieni mahali pengine, mwanachama hana kazi na dashibodi ya fundi. Orodha hiyo isikubali pia ukurasa wa kuingia wala wa kutoka. Nimeona mtu anaingia na kutolewa papo hapo kwa sababu safari yake ilikuwa /toka.

Hili si la adabu ya kazi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na chama kinachotunza salio na namba za watu kina wajibu wa kuzilinda.

Kuna dada ameuliza hapa mbele: je, kama mifumo miwili iko kwenye domeni mbili zisizohusiana kabisa? Dada yangu, hapo kuki haivuki, na usitafute ujanja wa kuivusha. Pawe na mfumo mmoja wa kuingilia, na ule mwingine upokee kutoka kwake tokeni, hati fupi ya kidijitali ya kumthibitisha mtu. OAuth 2.0, iliyotoka Oktoba 2012 kama RFC 6749, pamoja na OpenID Connect iliyojengwa juu yake, ndiyo njia inayotumika. Anwani ya kurudi inaandikishwa mapema na inalinganishwa herufi kwa herufi. Usiiandikishe anwani ya kila fomu. Andikisha moja ya kupokelea, safari ya mwanachama ibaki kwenye sesheni yako, na thamani ya state, isiyobashirika, inayokwenda na ombi na kurudi nalo, ndiyo ikukumbushe ni sesheni ipi na safari ipi.

Na aliyeuliza kuhusu fomu iliyojazwa nusu, muda wa sesheni ukaisha: ukimrudisha kwa 303 atafika kwenye fomu, lakini tupu. Alichoandika kilikuwa kwenye mzigo wa POST, lile ombi linalobeba fomu, na kimepotea. Hifadhini rasimu kila anapomaliza hatua, kwenye hifadhidata, kwa jina lake.

Tutafanya zoezi sasa. Fungueni dirisha la faragha kwenye laptopu zenu, bandikeni kiungo cha ndani kabisa cha mfumo wenu, chenye ? na & ndani yake, ingieni, na mniambie mmefika wapi. Tukimaliza hicho tutajaribu cha mikwaju miwili.