«Mimi» ni Nani? Aina ya Nafsi katika Scala

Tuanze na mistari hii mitatu ya Scala, lugha ya programu, ubaoni. T ni kigezo cha aina, nafasi ya aina itakayotajwa baadaye, na `<:` inadai T iwe aina ya Kiungo:

abstract class Kiungo[T <: Kiungo[T]] {
  def jisajili(r: Rejista[T]) = r.ongeza(this)
}

Kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, inaikataa. Ukiiona mara ya kwanza utahisi umeonewa: si nimeshasema T ni Kiungo? Umesema, ndiyo, kwamba kila T ni Kiungo. Hukusema kila Kiungo ni T. Humu ndani `this` ni Kiungo[T] tu, na rejista inataka T.

Wengi hulazimisha kwa `asInstanceOf[T]`, yaani «ichukulie kuwa T», kompaila ikanyamaza. Lakini vigezo vya aina hufutwa kabla programu haijaendeshwa, kwa hiyo pale hapakaguliwi kitu. Hitilafu italipuka kwingine kabisa, na utamlaumu asiyehusika.

Dawa ni mstari mmoja, mara tu mabano yanapofunguka:

mimi: T =>

Hiyo ndiyo aina ya nafsi. «Mimi» ni jina tu, lolote lingefaa; kazi yote iko kwenye T. Unaahidi kwamba kitakachoundwa kutokana na klasi hii kitakuwa T pia, na ahadi ni deni. Klasi Faili ikirithi Kiungo[Faili], inapita. Folda ikirithi Kiungo[Faili], kosa la kunakili na kubandika ambalo hata mimi nimelifanya, inagoma papo hapo. Bila mstari ule ingepita kimya kimya.

Naona mkono kule nyuma. Kwa nini tusirithi tu? Hapa haiwezekani: klasi hairithi kigezo chake yenyewe. Kwenye treiti, kifurushi cha methodi ambacho klasi hukichanganya ndani yake, una hiari, ila maana ni tofauti. Treiti inayodai treiti nyingine, tuseme Hifadhi, kwa aina ya nafsi huzitumia methodi za Hifadhi kwa ndani. Aliye nje, akiishika kama treiti hiyo, hazioni. Tena treiti mbili zaweza kudaiana, hii ikimtaka yule na yule akiitaka hii. Kwa kurithi, huo ni mduara na kompaila haiukubali. Usumbufu wake: treiti inayoirithi yenye deni lazima ilitangaze deni hilo upya, au ililipe.

Na jambo moja limenipotezea usiku mzima. Aina ya nafsi inasema mimi ni nani. Haisemi kama nimeshavaa. Ukisoma `val` (thamani inayowekwa mara moja) ya Hifadhi wakati treiti yako bado inajengwa, na Hifadhi haijafikiwa zamu yake, utakuta `null`. Siku hizi huko kwenye Hifadhi naweka `lazy val`, inayohesabiwa inapohitajika mara ya kwanza, au `def`, inayohesabiwa kila inapoitwa.