Kurithi Ngozi Kavu Katika Mji Mkavu

Ndugu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wazazi na wanafunzi, habari za mchana.

Swali linaloulizwa sana kuhusu ugonjwa wa ngozi usioisha ni hili: ni wa kurithi, au kuna kitu kimeuleta? Nitalijibu mapema, kisha muda uliobaki nieleze. Karibu kila mara ni vyote viwili. Mtu harithi mabaka. Anarithi ngozi ya aina fulani. Kinachoifanya ngozi hiyo iwashe na kupasuka hapa Dodoma mwezi wa saba, halafu itulie mwezi wa pili, ni hewa, maji, sabuni na vitu tunavyoipaka. Jeni hatuwezi kuzibadilisha. Hivyo vingine vingi tunaviweza, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Tuanze na pumu ya ngozi, yaani ekzema, ule ukavu wenye muwasho usioisha. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli bapa zilizokwisha kufa, safu 15 hadi 20 hivi, na kati ya seli hizo kuna mafuta ya ngozi yenyewe. Aliyekulia kwenye tembe anajua kuwa miti na fito pekee haizuii mvua; kinachozuia ni udongo uliokandikwa. Kwenye ngozi, kazi hiyo inafanywa na mafuta hayo. Ndani ya seli nako kuna protini iitwayo filagrini, ambayo ikimeng'enywa hutoa vitu vinavyoshika maji na kuipa ngozi uchachu kidogo, pH ya 4.5 hadi 5.5. Uchachu huo unazuia bakteria wasizaliane hovyo.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, na wenzao walionyesha kuwa hitilafu kwenye jeni ya filagrini, iliyo kwenye kromosomu namba 1, inaongeza sana uwezekano wa kupata pumu ya ngozi. Takriban asilimia 10 ya watu wa Ulaya wana hitilafu hiyo. Kwa Waafrika ni adimu, na bado pumu ya ngozi tunayo tele. Maana yake ni kwamba kwetu urithi unapitia zaidi kwenye jeni nyingine, nyingi kwa idadi, zikiwemo zinazoongoza kinga ya mwili. Kwa hiyo msimshauri mzazi alipie kipimo cha jeni. Ugonjwa unatambuliwa kwa macho na kwa maswali: kuna muwasho? Ulianza kabla ya miaka 2? Uko kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti? Nyumbani kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio?

Ushahidi wa urithi uko wazi kwa mapacha. Pacha wa kufanana mmoja akiwa na pumu ya ngozi, mwenzake huwa nayo mara nyingi zaidi kuliko ilivyo kwa mapacha wasiofanana. Lakini si mara zote, ingawa jeni zao ni zile zile. Pengo hilo ndilo mazingira.

Sasa mazingira yetu. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni upepo ni mkavu, vumbi ni jingi na usiku ni baridi. Ngozi yenye afya inapoteza maji kidogo; ile iliyorithi udhaifu inapoteza maji mengi, inapasuka nyufa ndogo zisizoonekana, na kupitia nyufa hizo vinaingia vumbi, mabaki ya sabuni na bakteria. Kinga ya mwili inaviona kama adui na kujibu kwa uvimbe na muwasho. Mtoto anajikuna, nyufa zinakuwa kubwa, na mzunguko unaanza upya. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu wa vitabuni. Tazameni rangi ya zambarau au kijivu, vipele vidogo vigumu, na ngozi iliyogeuka kuwa nene na yenye mistari kwa kukunwa.

Kuna jambo la maji ambalo halisemwi vya kutosha. Visima vingi vya huku vinatoa maji magumu, yale yasiyotoa povu. Kalsiamu iliyomo inashikana na sabuni na kufanya utando mweupe, ule ule mnaouona ukingoni mwa beseni. Utando huo unabaki pia kwenye ngozi. Na kwa kuwa povu halitoki, mama anaongeza sabuni. Sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10. Inayeyusha mafuta ya ngozi na kuondoa ule uchachu kwa saa kadhaa. Mtoto anayesuguliwa kwa dodoki na sabuni ya mche asubuhi na jioni ili "uchafu utoke" anapunguziwa kinga kila siku mara mbili. Anayesugua ana nia njema kabisa, lakini ngozi haijui nia.

Mwogesheni hivi. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, dakika 5 hadi 10, mara moja kwa siku. Sabuni isiyo na manukato, na iwe kwapani, kinenani, matakoni na miguuni tu. Kwingine maji yanatosha. Mkiwa na maji ya mvua mliyokinga, yatumieni kwa suuza ya mwisho. Mkausheni kwa kumgusagusa kwa kitambaa laini, msimsugue. Kisha, ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpakeni mafuta mwili mzima, kwa kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Akisubiri mpaka akauke ndipo apakwe, mafuta yanafungia ukavu ndani.

Kiasi ndipo wengi wanapokosea. Mtoto mwenye pumu ya ngozi anahitaji gramu 125 hadi 250 za mafuta kwa wiki, mtu mzima 250 hadi 500. Kopo la gramu 250 likikaa miezi miwili nyumbani, mtoto huyo hapakwi. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanafaa kabisa na bei yake inavumilika. Yachoteni kwa kijiko safi, si kwa vidole, maana vidole vinapanda bakteria ndani ya kopo.

Na mafuta ya alizeti? Tuko kwenye mkoa wa alizeti, swali ni la haki. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na ngozi inaitumia kujenga mafuta yake yenyewe. Utafiti uliofanywa Bangladesh kwa watoto njiti na kutolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hospitalini pungufu kwa asilimia 41. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote, yana asidi ya oleiki nyingi, ambayo inalegeza ukuta wa ngozi, kwa hiyo sioni sababu ya kuyanunua kwa bei ile. Ila alizeti ina masharti. Yawe yaliyochujwa, yasiyo na mashapo, na kamwe yasiwe yaliyokaangiwa. Yakikaa kwenye chupa ya plastiki juani yanachacha na kuanza kuwasha ngozi. Tena ni mepesi, hayazuii maji kutoka kama mafuta ya mgando. Wakati wa kipupwe pakeni alizeti kwanza, kisha mgando juu yake. Mafuta ya karanga msiyatumie kwenye ngozi iliyopasuka, kwa sababu kinga inaweza kuijifunza karanga kama adui kupitia ngozi, na mtoto akaja kupata mzio akiila.

Niseme na hili ili nisiwauzie ndoto: kupaka mafuta hakuzuii ugonjwa kutokea. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2020 uliwapaka watoto wachanga wa familia zenye mzio kila siku kwa mwaka mzima, na pumu ya ngozi haikupungua. Mafuta yanautuliza ugonjwa ukishakuwepo. Basi.

Ukiwaka licha ya mafuta, ni zamu ya krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Hapa kuna makundi mawili yanayokosea: wanaoiogopa kiasi cha kupaka kidogo kama chumvi ya kuonja, na wanaoipaka mwaka mzima. Kipimo ni ncha ya kidole: kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Mkono mmoja wa mtoto wa mwaka 1 hadi 2 unahitaji ncha 1.5. Mikono miwili, mara moja kwa siku, siku 10, ni gramu 15, yaani tyubu ndogo nzima. Usoni na kwenye mikunjo ni steroidi hafifu, haidrokotisoni ya asilimia 1. Betamethasoni, ambayo ni kali zaidi, ni ya sehemu za mwili zenye ngozi nene, kwa siku 7 hadi 14, kisha pumzika. Acheni nusu saa kati ya mafuta na steroidi.

Krimu zenye dawa tatu ndani ya tyubu moja, ya bakteria, ya fangasi na steroidi kali, zinanunuliwa kwenye maduka ya dawa kama pipi. Kama kilichopo ni fangasi, steroidi inazima muwasho huku fangasi wakitambaa, wanapoteza umbo lao la duara, na hata daktari anashindwa kuwatambua. Na wanaozitumia usoni ili wang'ae wanapata chunusi, mishipa inayoonekana na ngozi nyembamba inayowaka kila wakiziacha. Mkorogo ni hadithi hiyo hiyo, ikiongezewa haidrokwinoni au zebaki.

Ukoko wa rangi ya asali ni bakteria. Mtoto aonwe, huenda akahitaji antibiotiki ya kunywa. Vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, vyenye maumivu na homa, vilivyotokea ghafla juu ya pumu ya ngozi, ni virusi vya hepesi: hospitali siku hiyo hiyo, na steroidi isimame.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi. Kumnyima mtoto mayai, maziwa na samaki kwa kubahatisha kunampa udumavu na ngozi inabaki vile vile. Chakula kinashukiwa pale mtoto anapovimba midomo au kutapika ndani ya saa 2 baada ya kukila.

Sasa soriasisi, yaani mabaka yenye magamba, ambayo mara nyingi inatibiwa kimakosa kama fangasi kwa miezi. Jeni inayojulikana zaidi ni HLA-C*06:02, kwenye kromosomu namba 6. Seli za ngozi, ambazo kwa kawaida huchukua kama siku 28 kupanda juu, zinapanda kwa siku 3 hadi 5, ndiyo maana yale magamba meupe yanarundikana kwenye viwiko, magoti, kiuno na kichwani. Tazameni na kucha: vishimo vidogo ni dalili nzuri. Vinavyoichochea ni maambukizi ya koo, pombe, sigara, michubuko, na dawa kama propranolo, lithiamu na klorokwini. Sindano za deksamethasoni, nayo ni steroidi, zinaituliza haraka, na zikikatwa ghafla inarudi na usaha mwili mzima. Ikianza ghafla na kwa ukali kwa mtu mzima, mshaurini apime VVU. Anayepewa methotrekseti, dawa ya soriasisi kali, anameza mara moja kwa WIKI. Mwandikieni jina la siku kwenye boksi, kwa sababu kuimeza kila siku kunaua.

Vitiligo, yale mabaka meupe kabisa, ni kinga ya mwili kushambulia seli za rangi. Pacha wa kufanana anayo kwa asilimia 23 tu pale mwenzake anapokuwa nayo, kwa hiyo jeni peke yake haitoshi hata kidogo. Haiambukizi.

Ualbino ndio ulio upande wa urithi kabisa. Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 anao, na takriban 1 kati ya 19 amebeba nakala moja ya jeni bila dalili yoyote. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Baba anayesema "kwetu hakuna" anasema kweli ya macho, si ya damu, na mama asilaumiwe. Lakini saratani ya ngozi mtu huyu hairithi; inaletwa na jua, na kwenye mwinuko kama wetu mionzi ni mikali zaidi ya pwani kwa asilimia 10 hivi. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, si kepu. Nguo za mikono mirefu hata darasani pa madirisha wazi. Kazi za shamba kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Losheni ya jua ya SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi, kijiko cha chai kwa uso na shingo, irudiwe kila baada ya saa 2. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza losheni iitwayo Kilisun mahsusi kwa ajili yao. Kidonda kisichopona ndani ya wiki 4 kikatwe kipande na kupimwa, kisipakwe kitu.

Mnapompeleka mgonjwa yeyote kati ya hawa hospitali ya Benjamin Mkapa au ya General hapa mjini, mwambieni abebe kila tyubu, kopo na chupa anayotumia, zikiwemo zisizo na lebo na zile anazozionea aibu. Na siku hiyo asijipake chochote asubuhi.