Watoto 22 wa Davenport

BARAKA: Leo tuko Iowa, Marekani, mwaka 1939. Profesa Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa na mwanafunzi wake wa uzamili, Mary Tudor, wanafanya utafiti kuhusu kigugumizi.

REHEMA: Na Johnson mwenyewe alikuwa na kigugumizi.

BARAKA: Ndiyo maana mimi simwoni katili. Aliamini mtoto hazaliwi nacho, anakipata watu wazima wakianza kumsahihisha kila anapobabaika. Alitaka kulithibitisha hilo.

REHEMA: Kwa watoto wa nani, kaka?

BARAKA: Yatima. Makao ya Davenport, watoto 22. Kumi tayari walihesabiwa kuwa na kigugumizi, 12 wakisema vizuri tu. Kati ya hao 12, sita wakasifiwa. Sita wengine wakaambiwa: mmeanza kigugumizi, jizuieni, msifungue kinywa kama hamna hakika mtatamka sawa.

REHEMA: Na mdogo wao alikuwa na miaka mitano! Halafu walezi na walimu nao wakadanganywa, wakawa wanawasahihisha kwa nia njema kabisa. Hapo ndipo mimi nachoka. Mtoto hana pa kukimbilia, kila mkubwa anamwambia lilelile.

BARAKA: Lakini kigugumizi chenyewe hakikuwapata. Wanasayansi waliorudia takwimu zile baadaye hawakukiona.

REHEMA: Sawa, ila walinyamaza. Tudor mwenyewe aliandika jinsi walivyoingiwa na aibu, wengine hata kuongea hawataki. Hilo si dhara?

BARAKA: Ni dhara. Nasema tu, Kanuni za Nuremberg, zile za kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti, zilikuja 1947. Mwaka 1939 uongozi wa makao ukiruhusu, yameisha.

REHEMA: Mbona wenzao palepale chuoni waliuita utafiti wa zimwi? Zama zilezile, Baraka! Na tasnifu ya Tudor ikabaki rafuni maktabani, Johnson hakuichapisha kamwe. Mtu haoni haya kwa jambo analoliona la kawaida.

BARAKA: Hapo umenishika.

REHEMA: Na hiyo ruhusa ya makao, hebu tuitazame. Mtoto mwenye mama, mama angeuliza: mnamfanyia nini mwanangu? Hawa hawakuwa na wa kuuliza. Nadhani ndiyo sababu walichaguliwa: walipatikana kwa urahisi. Ripoti ya Belmont ya 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti kwa binadamu, inalikemea hilo waziwazi, kuwabebesha mzigo wa utafiti watu wasio na sauti.

BARAKA: Tudor alirudi mara tatu kujaribu kuwarekebisha.

REHEMA: Nampa heshima yake. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya chuo, siyo ya binti mwanafunzi. Chuo kiliomba radhi lini?

BARAKA: 2001, baada ya gazeti kufichua. Johnson alishafariki tangu 1965.

REHEMA: Miaka 62. Kumbe wengine walijua wakiwa wazee kwamba hawakuwahi kuwa na tatizo!

BARAKA: Wakashtaki. Mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000, kwa waliokuwa hai na warithi wa waliotangulia. Tupumzike kidogo, tukirudi tunasoma ujumbe wenu.