Watu Wameongezeka, Bomba ni Lile Lile

Assalaam aleikum. Kwamba duniani tumefika bilioni 8 tangu Novemba 2022 mmeshasikia, sirudii. Mimi nazungumzia maji ya hapa Mombasa, na mtanisikia mpaka tuelewane.

Bomba la Mzima, linalotuletea maji kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, lilijengwa miaka ya 1950. Sensa ya 1969 ilikuta Mombasa watu kama 247,000. Ya 2019 ikakuta 1,208,333. Bomba ni lile lile! Visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, viliongezwa baadaye, najua, na bado mifereji inakauka.

Nendeni Mishomoroni, kule Kisauni. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, kila chumba na mpangaji na wanawe. Uani kuna kisima, na hatua chache tu kutoka kisimani, choo cha shimo. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe, unapitisha maji kama chujio. Uchafu unateremka, unaingia kisimani. Tukivuta maji kupita kiasi, bahari nayo inaingia, chai inakuwa na chumvi. Basi mama anamsubiri wa mkokoteni amuuzie mtungi wa lita 20, na kwa kila lita anatozwa zaidi ya mwenye mita ya maji Nyali, mtaa wa wenye nacho. Hili linaniuma kuliko yote.

Mtaniambia kila mtoto huja na riziki yake. Naamini. Mungu ameyaweka maji Mzima. Kuyafikisha Kisauni ni kazi yetu. Mwingine atasema tatizo si wingi wetu, kwani Mmarekani mmoja anachafua hewa kuliko Wakenya wengi. Ni kweli, na tumdai. Lakini kile kisima tunakiharibu wenyewe.

Wala msiniambie dawa ni kuzaa kidogo tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa 2022 umepata 3.4. Wasichana walisoma, uzazi wa mpango ukapatikana. Wasomeshwe zaidi. Hata hivyo tutazidi kuongezeka, kwa sababu watakaozaa kesho wameshazaliwa, nao ni wengi. Maji hayawezi kungoja.

Mikoko ya Tudor inayokatwa, taka za Mwakirunge, msongamano wa feri Likoni... naona naonyeshwa saa, nayaacha.

Ila wawakilishi wa wadi mpo hapa. Bwawa la Mwache linajengwa kule Kwale kwa ajili yetu. Maji hayo yakifika, yataingia Kisauni kwa mabomba gani? Nataka jibu kabla hamjaondoka.