Hataza ya Dawa Inakataza Nini Hasa?

Hataza ni haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako kwa muda. Ili kujua inakataza nini, tuanze na madai, maana hayo ndiyo yanayoweka mpaka. Hataza ya dawa inaweza kujaa kurasa nyingi za majaribio na michoro, lakini haki ya mmiliki hupimwa kwa zile sentensi zenye namba zinazofuata maelezo. Maelezo husaidia kuyafasiri madai. Muhtasari ni wa kurahisisha utafutaji tu.

Kwanza hakikisha umeshika toleo sahihi. Kwa hataza za Ulaya, A1 ni ombi lililochapishwa. B1 ndiyo iliyotolewa. Mwombaji huomba eneo pana, mkaguzi akalipunguza, kwa hiyo anayesoma A1 peke yake huenda akaogopa mpaka ambao haupo.

Sasa chukueni dai hili la mfano:

"1. Kidonge chenye (a) kiambato hai K, asilimia 20 hadi 40 ya uzito; (b) magnesiamu stereti, asilimia 0.5 hadi 2; na (c) utando usioyeyuka katika asidi ya tumboni."

Chora jedwali: kushoto kipengele kimoja kila mstari, kulia bidhaa unayoichunguza. Ukifuata maneno ya dai yalivyo, bidhaa imo ndani pale tu vipengele vyote vitatu vinapopatikana. Kuongeza kiambato cha nne hakukutoi nje. Dai halikusema kidonge kiwe na hivyo vitatu pekee.

Wengi hukimbilia kubadilisha (b), wakaweka asidi ya steariki, wakadhani wamepona. Wasiharakishe kushangilia. Mahakama za nchi kadhaa huangalia pia kama kibadala ni sawa na kile kilichotajwa. Kesi ya pemetreksedi, dawa ya saratani, inafundisha: dai lilitaja chumvi ya disodiamu, washindani wakakusudia kutumia aina nyingine za kiambato hichohicho, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba hata hivyo wangekiuka hataza.

Ndiyo maana ni lazima mfungue faili la uombaji, yaani kumbukumbu za mawasiliano kati ya mwombaji na ofisi ya hataza. Tuseme mwombaji alianza na asilimia 10 hadi 60, akabana hadi 20 hadi 40 ili kukwepa dawa iliyotangulia. Nchini Marekani, kwa kawaida hawezi kuirudisha asilimia 50 kwa kisingizio kwamba ni sawa na kilichotajwa.

Halafu kuna madai tegemezi. "2. Kidonge cha dai la 1, ambapo K ni asilimia 30" hubeba masharti yote ya dai la 1, hivyo kilicho nje ya la kwanza kiko nje ya la pili. Lakini dai la 1 likifutwa kwa kukosa upya, yaani jambo hilo lilikwisha kujulikana kabla, la 2 linaweza kubaki limesimama. Ukisikia "hataza imeanguka", uliza ni dai namba ngapi.

Jedwali hilo lirudiwe kwa kila hataza: molekuli, chumvi, umbo la fuwele, njia ya kutengeneza, matumizi. Kwa kawaida kila moja ina miaka yake 20, ikihesabiwa tangu tarehe ya kuwasilisha ombi lake, na mara nyingi kila nchi ina hataza yake.