Badilisha neno la siri la akaunti yako ya Google bila kujifungia nje

Habari za saa hizi, na wakubwa wangu wote shikamooni. Karibuni tena hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mkisikia "pisha, pisha" ni wabeba mizigo, leo mlango uko wazi kwa sababu ndani kuna joto. Kamera ameshika mdogo wangu Rama.

Leo tunabadilisha neno la siri la akaunti ya Google kwenye simu ya Android. Sisemi ile namba au mchoro unaouweka kufungulia kioo, ile ni ya simu yenyewe. Nasema pasiwedi ya ile Gmail uliyoingiza siku ya kwanza uliyoiwasha simu, ile inayobeba picha zako, majina ya kwenye kitabu cha simu na programu zako. Wateja wengi nikiwauliza "pasiwedi ya Gmail ni ipi?" wananitajia namba ya kufungulia kioo. Ni vitu viwili, kila kimoja kina kazi yake.

Natumia Tecno ya dukani, nimeiweka kwa Kiswahili. Yako ikiwa Samsung au Infinix, au iko kwa Kiingereza, fuata picha badala ya maneno. Ingia Mipangilio, ile yenye gurudumu la meno. Shuka, shuka, tafuta Google, ina herufi G. Gusa. Juu unaona jina lako na Gmail yako. Kama simu ina akaunti mbili, hakikisha uko kwenye ile unayoitaka. Gusa Dhibiti Akaunti yako ya Google. Juu kuna vichwa vimepangwa mstari mmoja, visukume kwa kidole kwenda kushoto mpaka ufike Usalama. Kwenye simu nyingine maneno yameongezwa kidogo, lakini neno usalama lipo.

Umeona neno la siri limeandikwa hapo? Usiliguse. Narudia, usiliguse bado. Toa kidole.

Shuka chini uone mistari miwili: namba ya simu ya kurejeshea akaunti, na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Anza na hii ya simu. Ifungue, isome tarakimu moja moja. Jiulize: laini hii ninayo? Iko hewani leo? Imesajiliwa kwa jina langu?

Nawaambia kwa nini nasisitiza. Mwaka 2021 nilimbadilishia baba neno la siri. Kazi ya dakika mbili, nikamwandikia kwenye karatasi, nikaondoka. Sikuangalia namba ya kurejeshea. Miezi ikapita, simu ya baba ikaingia maji, ikafa kabisa. Tukanunua nyingine, na karatasi haikuonekana. Google wakasema sawa, tunatuma namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na 47. Baba akanitazama. Arobaini na saba ilikuwa laini ya zamani, aliiacha siku nyingi, na kumbe ilishafungwa akapewa mtu mwingine. Tukajaribu njia zote. Picha za mama za mwaka wake wa mwisho zilikuwa humo, na hatukuzipata. Kwa hiyo nikisema angalia namba kwanza, naomba mnisikilize.

Kuna jambo lingine nakutana nalo kila wiki. Mtu ananunua simu, muuzaji anamwambia "lete nikufungulie", anamtengenezea Gmail, anaweka neno la siri analolijua yeye, na kwenye namba ya kurejeshea anaweka namba yake mwenyewe au hata ya rafiki yake. Mteja anaondoka kwa furaha, simu yake lakini akaunti ya mwenzake. Mimi hapa dukani simfungulii mtu akaunti. Namkalisha kwenye stuli, anaandika kwa mkono wake, hata ikichukua saa nzima. Basi wewe uliyefunguliwa na fundi, namba ukiikuta huitambui, leo ndiyo siku ya kuiondoa.

Na kwa sisi wa Tanzania, kama huna uhakika laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, piga *106# ufuate maelekezo. Utaona zako, na ukiona usiyoijua, nenda kwa mtandao husika waiondoe.

Sasa nabadilisha namba. Gusa kalamu pembeni ya namba, futa ya zamani, andika mpya. Rama, sogea, jua linapiga kioo, hawaoni kitu. Kulia. Kulia kwangu. Hapo hapo, asante. Nchi iwe Tanzania, ile +255, halafu namba bila sifuri ya mwanzo. Endelea. Watatuma ujumbe unaoanza na herufi G, kistari, halafu tarakimu sita...

Funika! Rama, funika kamera!

Sawa, tumerudi. Ujumbe ulishuka juu ya kioo na namba zote sita zikaonekana kwenye kamera. Nimeiacha ile, nimeomba nyingine, na safari hii simu yenye laini nimeigeuza kifudifudi. Ningeweza kukata kipande hiki lakini nimekiacha makusudi, kwa sababu ndivyo wanavyoibiwa watu. Anakupigia mtu mwenye sauti ya upole, anakwambia amekosea namba, ujumbe wake umekuja kwako, msomee tu. Usimsomee. Ile G na tarakimu sita haisomewi mtu yeyote, awe mimi, awe mtoto wako, awe anayejiita mfanyakazi wa Google.

Namba mpya imekubali. Barua pepe ya kurejeshea sasa. Iwe nyingine, siyo hiyo hiyo unayoibadilisha, maana ufunguo wa akiba hauwekwi ndani ya nyumba iliyofungwa. Wengine wanaweka ya mume, ya mke, au ya mtoto mkubwa wanayemwamini. Mimi napendelea kuwa na ya kwangu ya pili. Ukifanya hivyo uwe unaifungua mara kwa mara. Tangu Desemba 2023 Google walianza kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka 2.

Sasa ndiyo tunagusa neno la siri.

Wataomba la zamani kwanza. Unalijua? Andika. Hulijui? Gusa Umesahau nenosiri, na kwa kuwa uko kwenye simu ambayo akaunti imo tayari, mara nyingi watakuomba ufungue kwa kidole au kwa namba ya kioo na watakupitisha. Ndiyo maana nawasihi mlifanye hili simu ikiwa nzima mkononi, msisubiri ipotee.

Visanduku viwili: jipya, na kulirudia. Lisipungue herufi 8, mimi nasema zaidi ya 12. Jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, hapana. Namba yako ya simu, hapana. Jina la timu na 123, naomba hapana, mashabiki wa Kariakoo wote nawajua. Chagua maneno manne ambayo hayana undugu kabisa, yaunganishe kwa kistari. Mfano embe-ngalawa-jumatano-kufuli. Hilo nimelisema hadharani, msilitumie. Maneno ya Kiswahili ya kwenu, ya kijijini kwenu, hata ya Kisukuma au Kimakonde, ukiyachanganya unayakumbuka wewe na mwingine hayamjii. Na liwe jipya kweli, lisiwe lile unaloingilia Facebook.

Kabla ya kuandika, gusa kajicho pembeni ya kisanduku. Haka hapa. Rama, sogeza karibu. Ukigusa kajicho, vidoti vinageuka herufi, unaona unachoandika. Kama uko kwenye daladala usikaguse, lakini kama uko peke yako, gusa kila mara. Kibodi za simu hizi zina tabia ya kubashiri neno na kuongeza nafasi mwishoni. Google hawakubali neno la siri linaloanza au kuishia na nafasi tupu, watakukatalia nawe hujui kosa liko wapi. Angalia pia herufi kubwa na ndogo, E kubwa na e ndogo kwao ni vitu viwili.

Subiri. Kabla hujabonyeza Badilisha: namba ya kurejeshea uliiangalia? Kama uliruka kipande kile kwa haraka, rudi. Mimi nakusubiri.

Haya, bonyeza. Inazunguka, mtandao unasuasua leo... inazunguka... imekubali.

Kilichotokea sasa ni kwamba vifaa vingi vilivyokuwa na akaunti hii vimetolewa nje, vitadai neno jipya. Siyo vyote. Simu hii tunayotumia kuthibitisha inabaki ndani, na baadhi ya programu ulizozipa ruhusa zinaweza kubaki. Kwa hiyo usiamini tu. Rudi Usalama, shuka hadi Vifaa vyako, fungua orodha. Ona, hii Tecno, na hapa kuna kompyuta ya Windows. Kama huna kompyuta, pengine ni ile ya stationery uliyochapishia CV ukasahau kutoka. Iguse, chagua Ondoka. Mteja mmoja hapa alikuta simu aliyoiuza zamani bado inasoma barua pepe zake.

Sasa hili la mwisho, na wauza simu mnisikilize. Ukishabadilisha neno la siri leo, usiiriseti simu leo, yaani usiifute kila kitu ianze upya. Google wenyewe wanashauri kusubiri saa 24. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna kinga dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa kubana vitufe vya pembeni, ikiwaka inadai akaunti ile ile iliyokuwemo. Watu wanabadilisha asubuhi, wanafuta mchana, jioni wananiletea simu imekwama na neno la siri wanalo mkononi. Ukitaka kuuza simu, toa kwanza akaunti kwenye Mipangilio, halafu ndiyo ufute.

Tunaandika. Hapa dukani kila anayenunua simu nampa kadaftari haka kadogo bure. Kava na protekta unalipia, kadaftari bure. Naandika kwa wino wa bluu kwa sababu penseli inafutika na jasho la mkono. Gmail nzima, herufi kwa herufi. Namba ya kurejeshea. Tarehe ya leo. Kama umewasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ukiingia unaombwa neno la siri na uthibitisho mwingine juu yake, Google wanakupa namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Zinakili zote humu, ukitumia moja unaipiga mstari. Kadaftari kanakaa nyumbani, pale unapoweka vyeti na hati ya kiwanja. Hakakai kwenye pochi pamoja na simu.

Kadaftari ka baba nilikaandika upya mwenyewe. Ukurasa wa kwanza, mstari wa juu kabisa, kabla hata ya Gmail yake, kuna namba ya laini anayoitumia sasa. Kila Jumapili nikienda kumsalimia naipiga, simu inaita mezani mbele yetu, baba anapokea, "Haloo, nakusikia", ndipo tunakunywa chai.

Rama, zima, kuna mteja.