Jina Limebaki, Wenyewe Wameondoka

Asante Mwenyekiti. Nimepewa dakika arobaini, na wanaonijua wameshaanza kutabasamu, maana wanajua nusu yake itaishia kwenye herufi tatu. Ni kweli. Naomba radhi mapema, tuendelee.

Herufi zenyewe ni D, G na M. Wapenzi wa progresivu metali mliomo humu hamhitaji kuambiwa ni bendi gani. Ninyi mliofuata chai na maandazi, karibuni pia: ni bendi ya Roma, Italia, iliyoanza 1994 na mpaka leo inatoa albamu. Magita yao ni mazito, dramu zinapigwa kwa miguu yote miwili, mwimbaji anapanda juu anakotaka. Ila ndani ya vurugu hiyo mna hesabu. Wewe umezoea kuhesabu moja hadi nne unaanza upya. Hawa watakuhesabia saba, wakupe tano, kisha warudi kwenye nne kama vile hakuna kilichotokea, na wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa unajikuta unatikisa peke yako. Progresivu ndiyo hiyo. Sitaki kutumia nusu saa kufafanua neno.

Sasa, herufi. Diego Reali alipiga gita. Gianfranco Tassella alipiga dramu. Maurizio Pariotti alipiga kinanda. Diego, Gianfranco, Maurizio: DGM. Hakuna falsafa hapo, hakuna joka wala upanga kama ilivyo desturi ya wenzao wa metali. Ni kama gereji ya ndugu watatu, wamechukua herufi za mwanzo wakazipaka rangi mlangoni. Mwaka 1996 wakatoa kazi fupi ya ala tupu, Random Access Zone, na 1997 ikafuata albamu kamili, Change Direction.

Halafu wakaanza kuondoka. Wa kwanza alikuwa G. Kiti chake cha dramu akakalia Fabio Costantino, miaka ileile ya tisini. Wengine wakafuata, kila mmoja kwa wakati wake. FrAme ilipotoka mwaka 2009, hapakuwa na D, hapakuwa na G, hapakuwa na M. Albamu imeandikwa DGM juu yake, kubwa kabisa, na ukisoma orodha ya wapigaji humwoni hata mmoja wa wale watatu. Kibao kiko mlangoni, gereji inafanya kazi, na ukiuliza "Diego yupo?" unaambiwa Diego aliondoka siku nyingi, lakini leta gari tuliangalie.

Nimelisema hili mara nyingi, na kila mara kuna mtu nyuma anayenyoosha mkono: "Basi si bendi ileile!" Mkono wako nimeuona, ndugu yangu, subiri. Kwanza nikueleze kwa nini jambo hili linanikera binafsi.

Nilipokuwa kijana tulikuwa wanne mtaani na tulikuwa na bendi. Tuseme tulikuwa na gita mbili, ndoo na moyo. Na sisi tukachukua herufi za majina yetu, na kwa bahati zikatoa neno: MOTO. Mimi ni mojawapo ya zile O. Tulijivuna! Tukalichora ukutani, tukalichora kwenye ndoo. Miezi minane baadaye T akapata nafasi ya masomo mkoani, akaondoka. Tukabaki MOO. Kama ng'ombe. [Kicheko.] Ninyi mnacheka, sisi tulikaa vikao vitatu. Kikao cha kwanza: tumtafute mwingine ambaye jina lake linaanza na T. Tukampata, hajui kupiga chochote. Kikao cha pili: tubadili jina. Kila mtu alikuja na jina ambalo, ukilitazama vizuri, lilikuwa jina lake mwenyewe. Kikao cha tatu sitakisimulia, kuna watoto humu. Bendi ikafa. Tulikuwa na nyimbo tatu, na katika vikao vyote vile hakuna aliyeuliza nyimbo zile zitapigwaje bila besi ya T. Tulishughulika na ukuta, hatukushughulika na besi.

Ndiyo maana nikiwatazama Waitaliano hawa nasikia wivu. Walipoondokewa na G walitafuta mpiga dramu. Hawakutafuta mtu mwenye G.

Haya, mkono ule wa nyuma. Unasema si bendi ileile. Nikuulize: Msondo je? Wazee waliomo humu wanajua, ilianza NUTA Jazz mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Jumuiya ya wafanyakazi ikibadili jina, bendi nayo inabadilishwa jina, na wapenzi wanafuata ngoma yao kama kawaida. Mwimbaji wao Gurumo akatoka 1978 akaenda kuianzisha Mlimani Park, watu wakalia, bendi ikaendelea. Kule jina lilibadilika kila mara, na wewe hukusema si bendi ileile. Huku watu wamebadilika jina limebaki, unasimama. Chagua moja.

Bado hujaridhika, naona. Basi tazama wenzao wa Trieste, kule kaskazini mashariki. Rhapsody, metali ya ngano na mashujaa, walisikika duniani kuliko DGM. Mwaka 2006 mambo ya haki za jina yakawalazimisha kuwa Rhapsody of Fire. Mwaka 2011 Luca Turilli na Alex Staropoli, waliokuwa wakiandika muziki pamoja, wakagawana: Staropoli akabaki na Rhapsody of Fire, Turilli akaanzisha ya kwake, Luca Turilli's Rhapsody. Baadaye ikaja nyingine tena, Turilli na mwimbaji Fabio Lione, nayo ina neno Rhapsody. Ukienda kununua albamu unahitaji wakili. Sisemi muziki ni mbaya, upo mzuri sana. Nasema pale waasisi walikuwepo, wazima, wana vipaji, na jina likawa mzigo. Mwasisi kuwepo si dawa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona.

Kuna jambo moja zuri ambalo watu hawalisemi kuhusu DGM, kwa sababu wanaanza kuwasikiliza 2007 na kuendelea. Mwimbaji wa miaka ile ya mwanzo alikuwa Luciano Regoli. Jina hilo haliwaambii kitu vijana, lakini Regoli aliimba progresivu roki ya Italia tangu mwaka 1972, katika bendi yenye jina refu kuliko nyimbo zake, Raccomandata con Ricevuta di Ritorno, yaani barua ya rejista yenye risiti ya kurudi. Nani anaita bendi hivyo? Watu wa 1972! Ndiyo enzi ya bendi kama Banco del Mutuo Soccorso wa Roma na Premiata Forneria Marconi wa Milano, na jina hilo la pili maana yake ni tanuri la mikate la Marconi, lililopata tuzo. Kwa hiyo vijana wa metali wa miaka ya tisini walipotaka mwimbaji walimwendea mtu mzima aliyekuwepo kabla wao hawajajua kufunga kamba za viatu. Wanaosema metali ya Italia ilishushwa kwa meli kutoka Marekani na Uingereza waanze hapo. Imeshushwa, ndiyo, sibishi, Dream Theater, bendi ya Marekani, wamo ndani yake ukisikiliza. Lakini ilipofika bandarini ilimkuta mwenyeji.

Aliyemfuata Regoli ni Titta Tani, na huyu naye ana kisa chake: kwa asili ni mpiga dramu. Aliwahi kupiga dramu na Claudio Simonetti, mpiga kinanda wa bendi ya Goblin, wale waliotengeneza muziki wa filamu za kutisha za Dario Argento, Profondo rosso ya 1975 na Suspiria ya 1977. Yaani nyuzi zote zinarudi kwenye kijiji kilekile. Tani aliimba kwenye Dreamland ya 2001, kwenye Hidden Place ya 2003 na kwenye Misplaced ya 2004. Kuna wanaoshikilia kwamba hiyo ndiyo DGM ya kweli na iliyofuata ni maonyesho ya vidole. Nawaheshimu. Wamekosea, ila nawaheshimu.

Maana mwaka 2006 aliingia Simone Mularoni kwenye gita, na ile albamu ya Different Shapes ya 2007 ikatoka na mwimbaji mpya pia, Mark Basile. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wenyeji waliobaki mwishowe ni wawili tu: Costantino kwenye dramu na Andrea Arcangeli kwenye besi. Hao ndio wamebaki tangu miaka ya tisini, na hawana herufi hata moja kwenye jina. Watu wa nyuma ya jukwaa, ambao kwenye picha hukatwa masikio. Nikisikiliza DGM huwa nasikiliza hao kwanza. Mularoni anaweza kupiga noti elfu, na anazipiga kweli, lakini zinasimama juu ya sakafu, na sakafu hiyo ni ya zamani. Ndiyo besi ya T niliyowaambia. Wale waliielewa, sisi tulikuwa tunachora ukuta.

Kinanda alichukua Emanuele Casali, na hao watano ndio DGM ambayo wengi wenu mnaijua. Mwaka 2010 wakafanya jambo ambalo nalipenda kupita kiasi. Badala ya kukusanya nyimbo za zamani na kuziuza kama zilivyo, katika Synthesis walizirekodi upya kwa mikono yao na kwa sauti ya Basile. Nyimbo za walioondoka, zinapigwa na waliokuja. Mwingine angeona aibu, angesema tuachane na ya kina Diego tuandike yetu. Mwingine angezipiga nukta kwa nukta kama mwanafunzi anayenakili ubaoni. Wao walizishika kama mtu anavyoshika shamba la baba mkwe, analilima kwa jembe lake mwenyewe.

Naulizwa pia mbona wanaimba Kiingereza, wameona haya na Kitaliano? Swali hili huulizwa kwa Kiswahili na watu waliovaa fulana za Kiingereza, basi nitajibu haraka. Banco waliimba Kitaliano na wakabaki wakubwa kwao. Premiata Forneria Marconi walipotaka kutoka nje, mwaka 1973, walitoa Photos of Ghosts, maneno ya Kiingereza yakaandikwa na Pete Sinfield aliyekuwa na bendi ya King Crimson ya Uingereza. Njia ilishafunguliwa. Metali ya namna hii haina nchi moja ya kuilisha, mashabiki wake wametawanyika, mia huku mia kule, na lugha wanayokutania ni hiyo. Unaweza kuhuzunika. Mimi nahuzunika kidogo, siku za Jumapili.

Dakika tano? Nilikuwa na karatasi nne hapa kuhusu studio. Basi kwa ufupi: Mularoni ana studio yake San Marino, ile jamhuri ndogo iliyo ndani ya tumbo la Italia, inaitwa Domination, na bendi nyingi za metali hupeleka kazi zao huko zikachanganywe. Maana yake mpiga solo wenu ndiye pia fundi mitambo wenu. Hulipii saa za studio, hugombani na prodyuza, unarudia besi mara thelathini bila mtu kutazama saa kama Mwenyekiti wangu hapa. Ukijiuliza kwa nini albamu ya Momentum ya 2013 inasikika safi vile, jibu linaanzia hapo. Humo Russell Allen, mwimbaji wa Symphony X, bendi ya Marekani, anaimba katika "Reason".

Kisha wakahamia Frontiers, lebo ya Napoli, na 2016 ikaja The Passage. Hii ndiyo ninayompa mtu ambaye hajawahi kuwasikia. Inafunguka kwa "The Secret", yenye sehemu mbili, na wageni wamo: Tom Englund, mwimbaji wa Evergrey ya Uswidi, na Michael Romeo, mpiga gita wa Symphony X, katika "Dogma". Romeo na Mularoni kwenye wimbo mmoja, nilitaka kuwaonyesha ni nani anapiga wapi, nimeandaa na michoro. Haiwezekani, sawa. Mwaka 2017 walitoa onyesho la jukwaani lililorekodiwa Milano na Atlanta. Tragic Separation, 2020, mwaka ambao hakuna aliyeweza kusafiri na albamu yake. Life, 2023. Endless, 2024, na hapo wamerudi nyuma kuitazama ile miaka ya sabini ya Regoli, vinanda vinapumua, nyimbo hazina haraka. Hiyo peke yake ilistahili mhadhara. Nimeitolea sentensi moja, kosa langu.

Ndugu wa nyuma ameshusha mkono. Sijui ameridhika au amechoka.

Aah, ameunyoosha tena. Anauliza MOTO ilikuwaje mwishoni. Yule T alirudi baada ya miaka miwili, akatukuta kila mtu na lake, akauliza bendi iko wapi. Tukamwonyesha ukuta.

Fundi, tafadhali, tuwekee "The Secret", sehemu zote mbili, na usipunguze besi.